Fremu Iliyokatwa na Namba Iliyobaki: Uamuzi wa Uingereza juu ya Magari ya Kale

Tarehe 26 Agosti 2025, idara ya serikali ya Uingereza inayosimamia leseni za madereva na usajili wa magari, ambayo makao yake yapo Swansea huko Wales, ilianza kutumia utaratibu mpya juu ya magari ya kale. Kwa utaratibu huo, mwenye gari la kale aliyebadili umbo la fremu yake, hata kwa kuikata na kuilehemu upya, aweza sasa kubaki na namba ya usajili aliyokuwa nayo na namba ya chesisi iliyogongwa kiwandani. Sharti kubwa aliloekewa ni kutoa taarifa. Uamuzi huo ulitanguliwa na mashauriano ya mwaka 2024, ambamo serikali iliomba maoni ya wenye magari, mafundi na vyama vyao, ikapokea majibu zaidi ya 1,000.

Kwa msomaji wa juu juu, habari hii ni ya matajiri wa Ulaya na michezo yao ya kung'arisha magari ya babu zao. Sisi tunaona vingine. Habari hii yamhusu askari anayesimama barabarani usiku akiwa na tochi mkononi na kadi ya gari mbele ya macho yake, na yamhusu mwanajeshi anayeendesha gari la mihimili ya chuma kwenye matope na mawe. Wote wawili huishi kwa kuamini kwamba namba iliyoandikwa katika hati na chuma kilicho chini ya bodi ni kitu kimoja. Swali lililoletwa na uamuzi wa Uingereza ni hili: chuma hicho kikikatwa ili gari lipate magurudumu makubwa, je, gari ni lile lile? Na kama ni lile lile, je, lingali zima?

Maswali haya ni mawili. Kosa la watu wengi, wakiwemo wengine wenye madaraka, ni kuyajibu kana kwamba ni moja.

FREMU NI NINI

Tuchukue mfano wa gari ambalo askari wetu wengi wanalifahamu, yaani Land Rover ya namna ya zamani. Gari hilo lilionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya Amsterdam, Uholanzi, mwezi Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani ikiwa na uhaba wa chuma, na kwa sababu hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Chuma kilitengwa kwa kazi ambayo alumini isingeiweza, nayo ni fremu. Mabati manne marefu yalilehemiwa pamoja yakafanya mhimili wenye umbo la sanduku, tupu ndani. Mihimili miwili ya namna hiyo ikaunganishwa kwa vipande vya kukingama, mfano wa ngazi iliyolazwa chini. Juu ya ngazi hiyo hukaa injini, giaboksi, bodi, abiria na mzigo. Chini yake zimefungwa springi, na springi hushika ekseli.

Gari hilo lilipita katika hatua kadhaa. Hatua ya kwanza ilianza mwaka 1948 hadi 1958, ya pili ikafuata, na ya tatu ikadumu tangu 1971 hadi 1985. Fupi lake lililojulikana zaidi lilikuwa na inchi 88 toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, na refu lilikuwa na inchi 109. Majeshi na polisi wa nchi nyingi, zikiwamo zetu za Afrika Mashariki, waliyatumia miaka mingi. Leo mengi ya magari hayo huko Uingereza yamevuka umri wa miaka 40, nayo yameingia katika daraja la magari ya kihistoria ambayo hayatozwi kodi ya barabara.

Jambo moja la kukumbuka: katika nyingi ya Land Rover hizo za zamani, namba ya chesisi iligongwa juu ya fremu yenyewe, upande wa mbele kulia, karibu na mahali inapofungwa springi. Hapo ndipo panapoguswa kwanza na fundi anayetaka kuinua gari. Basi tangu mwanzo, msumeno na namba vimekaa jirani.

KWA NINI MTU ATAKE MAGURUDUMU MAKUBWA

Sababu za mwenye gari si za kipuuzi zote. Gurudumu kubwa huinua ekseli, na difu haigongi mawe kwa urahisi. Tairi refu na pana hukanyaga eneo kubwa zaidi la ardhi, na likipunguzwa upepo kidogo huelea juu ya mchanga au tope ambamo tairi jembamba lingezama. Wapo pia wanaopenda sura tu. Hao nao wana haki ya kupenda, maadamu hawamdhuru mwingine.

Taabu huanzia hapa: tairi kubwa halina nafasi. Gari likipanda tuta, gurudumu hupanda nalo na kugonga bodi. Usukani ukikatwa hadi mwisho, ubavu wa tairi husugua fremu. Fundi ana njia tatu za kupata nafasi. Ya kwanza ni kukata bodi tu, na katika gari la fremu ya ngazi jambo hili halidhoofishi nguvu kuu ya gari. Ya pili ni kuinua gari kwa springi ndefu zaidi au kwa kurefusha vishikio vya springi. Ya tatu ni kuigusa fremu yenyewe: kuichonga upande wa chini juu ya ekseli ili ekseli ipate pa kupandia, au kuikata mihimili ya nyuma na kuisogeza ndani ili tairi pana liingie, au kukata vishikio na kuvilehemu mahali papya. Njia hii ya tatu ndiyo inayozungumzwa katika uamuzi wa Uingereza.

Tuitazame hesabu yake. Mhimili wa fremu hubeba mzigo kwa kupindika kidogo. Unapopindika, sehemu ya juu hubanwa na sehemu ya chini huvutwa, huku sehemu ya katikati ikipata taabu ndogo. Ndiyo sababu tundu dogo katikati ya ubavu huvumilika, lakini mkato kwenye ukingo wa juu au wa chini ni jeraha. Mhimili wa sanduku wenye kimo cha sentimita 10, upana wa sentimita 6 na bati la milimita 2, ukichongwa hadi kimo cha sentimita 8 na kuzibwa vizuri kwa bati lile lile, hupoteza karibu sehemu 4 kwa 10 za ugumu wake wa kupindika. Fundi ameondoa sentimita 2 tu, naye hudhani ameondoa kidogo. Akiuacha mkato wazi bila kuuziba, hasara ni kubwa kupita hiyo, kwa kuwa ukingo mzima umetoweka.

Hapo hatujataja moto wa kulehemu. Chuma kilicho kando ya mshono hubadilika tabia kwa joto, na mshono uliopita wima moja kwa moja kukata mhimili huwa mlango wa ufa. Fundi mjuzi huweka bati la kuimarisha lenye ncha zilizochongoka, ili nguvu ipite taratibu kutoka chuma kinene kwenda chembamba. Fundi asiyejua huweka bati nene lenye pembe za mraba, kisha hushangaa kuona ufa umeanza kwenye mwisho wa bati lake, mahali alipodhani ameimarisha. Aidha, fremu ya sanduku huoza kutoka ndani. Maji na tope huingia humo, na bati linaloonekana zima kwa nje laweza kuwa limebaki unene wa karatasi. Kulehemu juu ya bati la namna hiyo ni kushona kiraka juu ya nguo iliyochakaa.

MATATIZO YANAYOFUATANA

Gari ni jamii ya vyombo vinavyotegemeana. Kimoja kikibadilika, vingine hudai haki yao.

Tuseme tairi la kimo cha sentimita 74 limeondolewa, likawekwa la sentimita 84. Tairi jipya husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko kwa karibu asilimia 13 na nusu. Spidomita haina habari hiyo. Ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari kwa kweli linakwenda karibu 91. Dereva anayeapa kwamba alikuwa katika mwendo halali aweza kuwa msema kweli kwa alivyoona, na mkosaji kwa alivyokwenda.

Breki nazo zimebaki zile zile. Nguvu ambayo breki hutoa kwenye ekseli, ikifika ardhini kupitia gurudumu kubwa, hupungua kwa karibu asilimia 12. Juu ya hayo, gurudumu lenyewe ni zito zaidi, na uzito unaozunguka ni mgumu kusimamisha. Basi gari linakwenda kasi kuliko linavyosema na kusimama pole pole kuliko lilivyokuwa. Mambo haya mawili yakikutana mbele ya mtoto anayevuka barabara, hakuna hati itakayomsaidia.

Kisha kuna kimo. Tuseme gari lina upana wa sentimita 130 kati ya magurudumu, na kitovu cha uzito wake kipo sentimita 70 juu ya ardhi. Likisimama kwenye mteremko wa ubavuni, kwa hesabu ya kawaida lingepinduka mteremko ufikapo digrii 43 hivi. Kitovu kikipanda hadi sentimita 80, kwa magurudumu na springi pamoja, gari hilo hilo litapinduka kwenye digrii 39. Hesabu hii ni ya gari lililosimama tuli, lenye springi zisizolegea. Katika kona, likiwa na askari wanane nyuma na mizigo juu ya paa, nafasi ya usalama ni ndogo zaidi.

Mengine ni madogo kwa macho na makubwa kwa madhara. Propela hukaa kwa pembe kali zaidi na viungo vyake huisha mapema. Mipira ya breki, ambayo urefu wake ulipimwa kwa springi za zamani, huvutika gari linapoinuka. Usukani hukataa kurudi katikati wenyewe. Beringi za magurudumu hulemewa, hasa rimu zikiwa zimesogezwa nje. Nayo injini, kwa kuwa gurudumu kubwa ni sawa na kuongeza gia, hushindwa kupanda mlima uliokuwa ukipandwa bila shida.

KIWANDA KILIFANYAJE

Mtu aweza kudhani kwamba tunapinga magurudumu makubwa. Sivyo. Kiwanda cha Land Rover chenyewe kiliwahi kufanya kazi hii, na namna kilivyoifanya ni somo.

Kati ya mwaka 1968 na 1977 kilitoa gari la inchi 109 lililoitwa la Tani Moja. Lilivaa matairi ya 9.00 kwa rimu ya inchi 16, makubwa kupita yale ya 7.50 yaliyokuwa ya kawaida katika gari refu. Ili matairi hayo yapate nafasi, kiwanda hakikuchukua fremu ya kawaida na kuipiga msumeno. Kilitengeneza fremu ya peke yake, yenye vishikio vya springi vilivyoshushwa chini ili bodi ikae juu zaidi ya ekseli. Kiliweka ekseli zenye nguvu zaidi. Kilibadili uwiano wa gia katika giaboksi ndogo, ili kurudisha nguvu iliyopotezwa na ukubwa wa tairi. Gari hilo lilipendwa na makampuni ya umeme na maji, na wavutaji wa magari mabovu.

Tazama basi. Watu wenye wahandisi, mashine na uwanja wa majaribio, walipotaka kuongeza ukubwa wa gurudumu, walibadili fremu, springi, ekseli na gia kwa pamoja. Fundi wa gereji anayebadili kimoja na kuacha vitatu hakufanya robo ya kazi, kwa sababu vile vitatu vilivyobaki sasa vinafanya kazi ambayo havikuumbiwa.

SHERIA YA ZAMANI NA UDHAIFU WAKE

Kabla ya Agosti 2025, Uingereza ilikuwa na hesabu ya alama. Fremu ya asili isiyobadilishwa, au mpya ya namna ile ile, ilipewa alama 5. Springi na viungo vyake alama 2, ekseli 2, giaboksi 2, usukani 2, na injini 1. Jumla ni 14. Gari lililobadilishwa sana lilihitaji alama 8 ili libaki na namba yake, na lazima alama 5 kati ya hizo zitoke kwenye fremu. Maana yake ni kwamba gari lililokatwa fremu, hata kama kila kitu kingine kilikuwa cha asili na jumla yake ni alama 9, lilihesabiwa kuwa si lile tena. Lilitakiwa kwenda kupimwa upya, kisha kupewa namba inayoanza na herufi Q, ambayo ni alama ya gari lisilojulikana vizuri umri wake au asili yake.

Sheria hiyo ilikuwa na fikira njema: fremu ndiyo mtu, na vingine ni mavazi. Lakini kwa mwenye gari, herufi Q ilikuwa adhabu. Ilishusha bei, ilifuta historia, na iliondoa heshima ya kuwa gari la kale. Na adhabu ikizidi kosa, watu hujifunza kuficha. Palipotakiwa ukweli pakapata ukimya. Fundi alikata, akalehemu, akapaka rangi nyeusi, na hati ikabaki ikisimulia habari za gari ambalo halipo tena.

Kwa upande huu sisi tunaona kwamba Uingereza imefanya vyema. Kumwambia mwananchi, "Toa taarifa, nasi hatutakunyang'anya namba," ni kumpa sababu ya kusema kweli. Namba ya chesisi inayobaki mahali pake, huku mabadiliko yameandikwa katika kumbukumbu za serikali, ni msaada mkubwa kwa mpelelezi kuliko namba mpya inayovunja mnyororo wa historia. Mwizi wa magari hupenda mnyororo uliokatika. Polisi hupenda mnyororo mzima.

PENGO LILILOBAKI

Hata hivyo, taarifa na ukaguzi ni mambo mawili. Hapa ndipo tunapokuwa na shaka.

Tangu mwezi Mei 2018, gari lililovuka miaka 40 nchini Uingereza limesamehewa ukaguzi wa kila mwaka, ikiwa halikubadilishwa kwa kiasi kikubwa katika miaka 30 iliyopita. Kubadili fremu, au kubadili namna ya springi na usukani, huhesabiwa kuwa badiliko kubwa. Lakini nani atamkaye kwamba gari limebadilishwa au halikubadilishwa? Ni mwenye gari mwenyewe, kwa tamko lake. Na hata gari lipelekwalo kwenye ukaguzi huo wa mwaka, mkaguzi hulitazama kwa macho na kuligonga bila kulifungua. Aweza kuuona ufa na kutu. Kupima nguvu ya mhimili uliochongwa si kazi aliyopewa.

Ni kweli kwamba msamaha wa ukaguzi haukumwondolea mtu wajibu. Kifungu cha 40A cha Sheria ya Barabara ya Uingereza ya mwaka 1988 kinamtia hatiani anayeendesha gari lililo katika hali ya hatari, liwe la kale au jipya. Lakini kifungu hicho kwa kawaida hufanya kazi baada ya hatari kuonekana, na fremu huonyesha hatari yake siku inapovunjika. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa fremu hauna huruma ya ule wa ukuta, kwa kuwa ukuta hauendi kilomita 90 kwa saa.

Ujerumani imeshika njia nyingine. Huko, badiliko linaloweza kuleta hatari hufuta ruhusa ya gari kutembea, mpaka mtaalamu aliyeidhinishwa alikague na badiliko hilo liandikwe katika hati za gari. Na gari la miaka 30 au zaidi linaloomba namba ya heshima ya magari ya kale, yenye herufi H, iliyoanzishwa mwaka 1997, lazima lithibitishwe kwamba limetunzwa katika hali inayokaribia ile ya asili. Huenda Mjerumani akalalamika kwa gharama na foleni. Lakini askari wake anaposoma hati, anasoma pia kwamba mtu mwenye ujuzi alilala chini ya gari lile akiwa na taa.

Sisi hatusemi kwamba nchi moja ina akili kuliko nyingine. Tunasema kwamba Uingereza imejibu swali la kwanza, la jina la gari, kwa hekima. Na swali la pili, la uzima wake, imeliacha kwa sehemu kubwa katika dhamiri ya mwenye mali. Ujerumani imeyafunga yote mawili kwa fundo moja. Katika jambo hili, fundo ni bora.

YANAYOWAHUSU ASKARI WETU

Nchi zetu huendesha upande wa kushoto wa barabara, kama Uingereza, na magari yenye usukani wa kulia hufika kwetu kutoka huko na kutoka Japani. Gari laweza kushuka bandarini likiwa na namba yake ya asili na hati safi, hali fremu yake ilikatwa na kushonwa miaka iliyopita. Zamani askari aliyeiona herufi Q katika hati za Uingereza alikuwa amepewa onyo. Onyo hilo sasa halitakuwapo kwa kila gari lililokatwa. Kwa hiyo macho ya askari yatabeba kazi iliyokuwa ikibebwa na herufi moja.

Askari wa barabarani afanye nini? Atazame kwanza uwiano wa gari: matairi yanayojaza matao ya bodi au kutokeza nje ni alama ya kwamba jambo limefanyika chini. Asome namba ya chesisi kwenye chuma chenyewe, asiridhike na kibati kilichopigwa misumari, kwa maana kibati huhamishika. Katika magari mengi ya kuanzia miaka ya 1980, namba hiyo huwa na herufi na tarakimu 17, na namba ya namna hiyo haitumii kamwe herufi I, O wala Q; akiiona mojawapo humo, ajue kuna mkono wa mtu. Atazame kama chuma kinachozunguka namba kina rangi mpya, mshono, au alama za kusagwa. Aangaze mihimili juu ya ekseli ya nyuma, atafute bati lililoongezwa na ufa kwenye ncha zake. Agonge kwa kitu kigumu, asikilize: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti nzito isiyo na mwangwi. Akimwomba dereva akate usukani hadi mwisho pande zote mbili, tairi linalosugua litajishitaki lenyewe.

Na akiyaona hayo, asimhesabu dereva kuwa mwizi papo hapo. Fremu iliyokatwa si ushahidi wa wizi, kama namba nzima isivyokuwa ushahidi wa usalama. Mengine ni ya mpelelezi, mengine ni ya mkaguzi wa magari, na askari mwema hujua amkabidhi nani.

Kwa mwanajeshi na dereva wa polisi neno letu ni fupi zaidi. Gari la kazi halibadilishwi kwa shauri la dereva na fundi wa karibu, hata kama matairi makubwa yamepatikana bure na nia ni njema. Badiliko huombwa, huandikwa, hupimwa na mhandisi wa kikosi, kisha dereva anayefuata huambiwa. Dereva huyo anayefuata ndiye tunayemhofia. Yule aliyebadili gari hujua kwamba spidomita inadanganya na breki zimepungua nguvu. Naye huendesha akijua. Siku anapohamishwa, ujuzi huo huondoka naye, na mwenzake hukabidhiwa ufunguo pamoja na kitabu cha safari kisichosema lolote.

Hiyo ndiyo maana ya taarifa ambayo Uingereza imeitaka, na hiyo ndiyo sababu tunaikubali, pamoja na pengo lake. Fremu iliyokatwa na kutangazwa yaweza kukaguliwa kesho, ikiwa leo haikukaguliwa. Iliyokatwa na kufichwa itakaguliwa na barabara. Tungependa nchi zetu, zinapopitia upya kanuni za usajili na ukaguzi wa magari, zichukue kutoka Uingereza ule wepesi wa kumpokea anayesema kweli, na kutoka Ujerumani ule ukali wa kutomwachia atembee kabla mjuzi hajatazama chini ya gari. Mpaka siku hiyo ifike, askari aendelee kuinama na tochi yake.